Nilifungwa Katika Nyumba ya Kukamulia

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyefungwa kamba, naomba usome haya kabla hujaenda kulikaza fundo. Na kama aliyefungwa ni wewe, basi kuna mtu anakusomea, na mtu huyo usimpoteze.

Naitwa Trufosa. Nilizaliwa Khwisero, nikaolewa huko huko na Zakayo, na miaka ya kwanza ya Uhuru tukahamia Lugari, Wazungu walipokuwa wakiondoka na mashamba yao yakikatwa vipande. Kipande chetu kilikuwa na nyumba ya kukamulia ng'ombe. Ilikuwa ya mawe, ina sakafu ya sementi na pete za chuma ukutani za kufungia ng'ombe. Wenzetu walianza kwa kukata miti ya kujengea; sisi tulikuwa na jengo la mawe, ingawa ni la ng'ombe, na walituonea wivu. Siku ya kwanza Zakayo alizigonga pete zile kwa nyundo, moja moja, aone kama zimelegea. Hakuna iliyolegea.

Lugari ni baridi. Kule kwetu Khwisero ukipiga chafya jirani anakujibu, lakini huku jirani alikuwa ng'ambo ya mahindi, na akija, lugha yake si yako. Huyu Mbukusu, yule Mtiriki, mwingine Mmaragoli. Ilibidi tuelewane kwa Kiswahili chetu hiki cha bara. Kulikuwa na kazi nyingi na watu wachache wa kuzungumza nao.

Mtoto wetu wa pili, Isaka, alishikwa na surua mvua zilipokuwa zimekaza. Barabara ilikuwa matope matupu, lori la maziwa limekwama hata siku hatuzijui. Zakayo alimfunga mgongoni kama mwanamke, akatoka kwa miguu kuitafuta zahanati. Nilimwona akirudi kabla ya saa ya kutosha kufika huko. Alikuwa amemtoa mgongoni, amembeba mbele kwa mikono miwili, na amemfunika uso.

Tulimzika karibu na mpaka wa shamba, kaburi la kwanza katika ardhi yetu mpya. Alikuwa bado ananyonya. Maziwa hayajui kama mtoto amekufa. Yalijaa mpaka nikashikwa na homa, na mama mkwe wangu, Rasoa, akanifunga kifua kwa leso, akaikaza kwa kuniwekea goti mgongoni. "Vumilia, mwanangu," akasema. "Yatakauka." Yalikauka, na usingizi nao ukakauka.

Aliyenipa kikombe cha kwanza ni jirani yetu, Mama Nafula, aliyekuwa akipika chang'aa kule mtoni. Alikuja kunipa pole, akatoa kikombe cha bati chini ya shuka lake.

"Kunywa ulale," akasema. "Mimi nimezika watatu. Hii ndiyo ilikuwa inanilazanga."

Sitaki kumsingizia. Hakunidanganya. Nilikunywa nikalala mpaka jua likapiga mabati, na nilipoamka nilikaa kitambo kabla sijakumbuka kwamba Isaka hayupo. Kitambo hicho ndicho nilichokuwa nikikifuata baadaye. Watu husema mlevi anafuata utamu. Chang'aa haina utamu, inachoma kuanzia ulimi mpaka kitovu.

Wakati wa kupalilia nilikuwa nakunywa jioni. Mahindi yalipochanua nilikuwa nakunywa mchana pia, nyuma ya choo. Wakati wa kuvuna nilikuwa siwezi kushika hindi na kuliambua maganda kabla sijapata funda la asubuhi, maana mikono ilitetemeka hata nikashindwa kufunga kitambaa changu cha kichwa. Nilikonda miguu, tumbo likavimba. Ayuma, binti yetu mkubwa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, alizoea kuninusa mdomo kabla hajaniomba kitu.

Zakayo aliomba ushauri kwa wazee wa kanisa. Wakamwambia nifungiwe ndani mpaka pombe iishe mwilini. Hakuna aliyejua, na mimi sikujua, kwamba mwili uliozoea chang'aa ukinyimwa ghafla unaweza kukuangusha. Nilitokwa na jasho mpaka godoro likalowa. Nikaanguka nikatupa miguu na mikono, nikajing'ata ulimi. Kisha nikaona siafu wakitambaa ukutani, nikawakung'uta kutoka kwenye mikono yangu, na wote wakawa wananiangalia nikikung'uta hewa. Halafu nikamsikia Isaka analia.

Kwanza alikuwa analia ndani ya madebe ya maziwa. Niliyafungua moja baada ya jingine. Kisha kilio kikahama, kikawa kinatoka ardhini.

Asubuhi moja watu walipotoka kwenda shambani wakasahau kufunga mlango, nilichukua jembe nikaenda kaburini.

Hili nataka familia zilielewe. Ungeniangalia wewe, ungeona mwanamke mwenye wazimu anafukua kaburi. Ungekuwa ndani yangu, ungeona mama ambaye mtoto wake amezikwa akiwa hai, na watu wote wamekaa wanakunywa chai. Nilichimba kama mtu yeyote angechimba. Nilikuwa nimezama mpaka magotini nilipoinua macho nikamwona Ayuma kando ya udongo nilioutupa. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Hakulia. Aligeuka akakimbia kumwita baba yake.

Sikuwa nimefika. Nawashukuru waliokuja haraka kwa hilo, kwamba sikufika.

Zakayo alinifunga katika nyumba ya kukamulia, kwenye pete ya tatu kutoka mlangoni, kwa mnyororo wa fahali na kufuli, mguu wa kushoto. Alilia akifunga. Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na wasikilizaji hupenda Zakayo awe mnyama. Hakuwa mnyama. Aliogopa, na mnyororo ulikuwa karibu.

"Ukipona nitakufungua," akaniambia.

"Nifungue nipone."

"Pona kwanza."

Mazungumzo yetu ya mume na mke yalikuwa hayo, kiangazi chote.

Mnyororo ulifika mpaka kwenye mfereji wa kuoshea mavi ya ng'ombe, ukaishia hapo. Huo mfereji ndio uliokuwa choo changu. Hedhi ilinijia na hakuna aliyeniletea kitambaa. Chawa walipozidi, Zakayo alinishika kichwa na kaka yake akaninyoa kwa wembe, na kwa kuwa nilitikisika wakanikata, na kwa kuwa walinikata nilipiga kelele, na kelele zikawa ushahidi kwamba bado sijapona.

Watu wa maombi walikuja. Waliimba vizuri, hilo siwanyimi. Kisha mmoja akasema pepo hasikii wimbo, husikia fimbo. Walinipiga nyayo na mgongo wakimwamuru pepo atoke. Nikapiga magoti nikasema ametoka, ametoka kabisa, namwona anakwenda kule mtoni. Wakamshukuru Mungu. Zakayo akauliza kama sasa anaweza kunifungua. Kiongozi wao akaniangalia, akasema, "Pepo ni mwongo. Mwache kwanza."

Jumapili ndiyo ilikuwa siku mbaya zaidi. Watu wakitoka ibadani walipitia kwetu kunitazama. Walivaa nguo safi. Wanawake niliopanda nao mahindi walisimama mlangoni wameziba pua kwa vitambaa, wakisema, "Pole, Mama Ayuma," kwa sauti unayomsemeshea kuku. Watoto wao walinitupia magunzi. Mmoja wa wanawake hao aliwaonyesha wanawe na kuwaambia, "Mwaona pombe?" Nilikuwa funzo la Jumapili.

Ayuma ndiye aliyeniletea chakula. Alikuwa ameambiwa asinikaribie, basi aliweka sahani ya obusuma, ugali wetu, sakafuni na kuisukuma kwa ukuni mrefu. Nilimwita. Nilimwambia, "Ayuma, ni mimi." Akasukuma sahani mpaka ikagusa goti langu, akauacha ukuni, akaondoka.

Kilio cha Isaka kilinyamaza kabla ya kiangazi kuisha. Niliwaambia kwamba kimenyamaza, kwamba najua mtoto amekufa, najua ni mwezi gani, najua majina yao wote. Kaka yake Zakayo akasema, "Ndivyo wanavyosemanga." Basi nikaacha kusema. Mtu ambaye neno lake halina thamani hulihifadhi. Nikakaa kimya siku nyingi, na katika ukimya huo sauti nyingine zikaingia, za watu wakicheka nyuma ya ukuta, na safari hii sikujua kama ni za kweli au la, kwa sababu mara nyingi watu walikuwa wakicheka kweli nyuma ya ukuta.

Mguu ukaoza. Mnyororo ulikuwa umekata ngozi juu ya kifundo na mvua za kwanza zilipoleta nzi, kidonda kikaingia funza.

Kliniki ya watoto ilikuwa ikija na Landrova mara moja kwa mwezi, ikisimama penye stoo ya ushirika. Sista aliyekuwa akija nayo aliitwa Edina, mwanamke mkubwa, mkali, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Rasoa alipanga foleni pamoja na mama wenye watoto, akamwomba dawa ya kidonda.

"Kidonda cha nani?" Sista akauliza.

"Cha ng'ombe."

"Mimi si daktari wa ng'ombe. Ana nini?"

"Ananuka mguu," Rasoa akasema, "na siku hizi hasemi kitu."

Rasoa mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na alikuwa akisema kwamba hakujua kama neno lilimponyoka au alilisukuma. Sista Edina aliweka sindano chini. "Mama," akasema, "huyo ng'ombe huwa anasema nini?"

Alikuja siku ile ile. Aliingia mlangoni, akasimama, akageuka akatoka nje, nikamsikia anatapika. Akarudi. Akachuchumaa karibu yangu, mtu wa kwanza kufanya hivyo tangu nifungwe, akanishika mguu juu ya paja lake na kuuosha, akitoa funza mmoja mmoja kwa kikoleo. Alimwambia Zakayo afungue.

"Sista," Zakayo akasema, "nikimfungua utalala naye wewe? Akifukua mtoto tena, utamzika wewe?"

Sista alifunga kidonda kwa bendeji juu ya mnyororo na chini ya mnyororo. "Nitarudi," akaniambia. Nilisikia Landrova inaondoka na nikamchukia kuliko wote, kwa sababu wengine hawakujua walitendalo, lakini yeye alikuwa amejua, na bado akaondoka.

Wewe uliyefungwa, naomba unisikie hapa. Atakayekusaidia huenda akashindwa mara ya kwanza. Usimhesabu kuwa ni mmoja wao. Sista Edina alirudi mahindi yakiwa yamefika gotini, naibu wa chifu akiwa kiti cha mbele. Naibu hakushuka hata kwenye gari. Alimwambia Zakayo kupitia dirishani kwamba achague, afungue kufuli au aende akafungwe yeye. Zakayo akafungua. Nilisimama nikaanguka. Mguu ulikuwa umesahau.

Walinipeleka hospitali kuu ya Kakamega, mikono imefungwa kwa leso, Zakayo upande huu na kaka yake upande ule. Tulikaa kwenye benchi la kusubiri, na benchi likaanza kuhama. Mtu alijisogeza, wa pili akajisogeza, mpaka wakabanana mwisho mmoja kama ndege kwenye waya, na sisi tukabaki na nafasi ya kulala. Nilinuka. Nilijua kwamba ninanuka.

Mwanamke mmoja wa mjini, Mwislamu aliyejitanda buibui, hakuhama. Alikuwa na mkono uliofungwa bendeji.

"Usimkaribie, mama," Zakayo akamwambia. "Huyu ni mgonjwa wa kichwa."

"Na mimi ni mgonjwa wa mkono," akajibu. Akamega mkate wake, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imefungwa, akanilisha. Kisha jina lake likaitwa, akaenda, sikumwona tena. Nimeomba Mungu ampe afya mkono ule kila nilipokumbuka kuomba.

Dawa ilinilaza. Niliamka, nikala, nikachomwa sindano, nikalala. Wakati nilipoanza kujua kwamba siku zinapita, vicheko vilikuwa vimekwisha. Siyo kwamba vilifukuzwa. Vilienda mbali kidogo kidogo, kama watu wanaoondoka kwenye matanga, mpaka nikabaki na kelele za wodi, ambazo nazo si kidogo. Hilo ndilo jema ambalo dawa ilinitendea, na ni jema kubwa. Sasa nitawaambia mengine, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia.

Shingo ilikakamaa, nikawa nageuka mwili mzima kama jogoo. Ulimi ulikuwa mzito na mate yalinitoka, yakalowesha kifua. Miguu haikutaka kutulia. Nikikaa inataka kutembea, nikitembea inataka kukaa. Nilinenepa ghafla, uso ukawa wa mtu nisiyemjua. Halafu siku moja asubuhi niliamka na gauni limelowa, nikadhani ni mate. Nikagusa. Yalikuwa maziwa.

Nilikaa kitandani nimejishika matiti kwa mikono miwili. Kila nikikandamiza yalitoka. Isaka alikuwa amekufa msimu mzima na zaidi, na mwili wangu ulikuwa unamwandalia chakula.

Nilipiga yowe mpaka muuguzi akaja mbio. Alikuwa kijana, ametoka chuo juzi. Akaangalia, akasema bila kufikiri, "Ni dawa tu, mama. Inafanyanga hivyo kwa wengine." Kisha akaona uso wangu. Akavuta pazia la kitanda cha jirani akalileta kwangu, akalishikilia kwa mkono kwa sababu halikufika, akasimama hapo amenipa mgongo mpaka nikamaliza kulia. Baadaye daktari akapunguza dawa, na maziwa yakapungua. Kama na wewe yatakutokea, mwambie daktari. Usidhani ni laana wala mzimu, na usiiache dawa kimya kimya kama nilivyotaka kufanya.

Nilitoka hospitali mahindi ya kuchoma yakiisha sokoni. Zakayo alikuja kunichukua, na tulipokuwa tukisubiri gari alinunua ndizi, akanipa, akaniambia bila kunitazama, "Nimeoa."

Nikamuuliza ni nani. Akasema ni msichana wa Navakholo. Nikamuuliza kama ana tabia nzuri. Akasema ndiyo. Nikamaliza ndizi yangu, maana nilikuwa na njaa, dawa zile zina njaa.

Nyumba yangu ilikuwa na mwenyewe. Rasoa akanitandikia jikoni kwake, karibu na mafiga. Ayuma alikuwa nyuma ya nyanya yake, ameshika sketi yake. "Msalimie mama yako," Rasoa akasema. Ayuma akaniangalia shingo iliyokakamaa na mate kidevuni, akamwambia nyanya yake, "Kukhu, hatafungwa tena?" Hata leo sijui kama aliogopa kwamba nitafungwa tena, au kwamba sitafungwa.

Kuanzia hapo mwaka wangu ulikuwa ni sindano. Kila Landrova ilipokuja nilipanga foleni penye stoo pamoja na mama wenye watoto wachanga. Wakiniona waliwahamisha watoto bega la pili. Nilikuwa nasimama nikitazama vichwa vile vidogo, nikingoja zamu yangu ya kuchomwa. Na Sista Edina hakuwa mpole. Aliwahi kuninusa mdomo mbele ya watu wote na kupaza sauti, "Trufosa, umekunywa!" Nilikuwa nimekunywa kweli. Foleni nzima ikacheka. Nilitaka ardhi ipasuke. Akanichoma sindano yangu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwezi ujao uje, hata kama umekunywa pipa. Ukinuka, uje unanuka." Nilikwenda. Mara nyingine nilinuka.

Maana sindano ilinyamazisha vicheko, lakini haikuondoa kiu. Mavuno ya mwaka ule yalinirudisha mtoni. Mama Nafula alisita kunipa, nikamwambia kama hanipi nitakwenda kwa mwingine, akanipa. Walinikuta nimelala kwenye mtaro wa barabara, gauni juu. Zakayo alinibeba mpaka nyumba ya kukamulia, akanikalisha chini ya pete, akaenda kuleta mnyororo. Nilikuwa nimelewa lakini nilielewa. Nilinyoosha mguu mwenyewe, wa kushoto. Huko ndiko nilikokuwa nimefika.

Zakayo alirudi na mnyororo bila kufuli.

"Mama," akaita, "kufuli liko wapi?"

Rasoa alikuwa uani akipepeta maharagwe. Hakuinua kichwa. "Chooni," akasema.

"Liko chooni wapi?"

"Chini."

Zakayo alisimama na mnyororo mkononi. Angeweza kununua kufuli jingine sokoni siku hiyo hiyo. Badala yake aliutupa mnyororo kwenye nyasi, akaenda zake shambani. Rasoa alikuja akanimwagia maji ya baridi, akanitukana kwa Kikisa, lugha ya kwetu Khwisero, matusi ambayo siwezi kuyaandika, akanilaza.

Kesho yake alinipa sharti moja. Nikishikwa na kiu, nimpitie yeye kwanza. Nilipokwenda alinikalisha kwenye mkeka, tukapukuchua mahindi. "Kikapu hiki kikiisha na bado unataka, nenda, sitakushika," akasema. Tulipukuchua mpaka vidole vikaota malengelenge. Kilichukua muda mrefu sana kuisha. Siku moja niligeuka haraka nikamwona anachota mahindi nyuma yake na kuyarudisha kwenye kikapu. Tuliangaliana. Hakuona haya. Akasema, "Pukuchua."

Sina dawa nyingine ya kuwapa ya kiu. Kiu huja kama mvua ya Lugari, inapiga, kisha inapita, na ukiwa na kazi mikononi na mtu kando yako, itapita ukiwa bado uko kwenye mkeka. Nilianguka tena, na tena. Sikumbuki ni mara ngapi, na sioni faida ya kukumbuka. Siku za kutokunywa zikaja kuwa nyingi zaidi. Sista Edina alihamishwa, akaja mwingine mpole, na nikawa namkumbuka yule mkali. Rasoa alikufa katika baridi ya Julai, akiwa na fahamu zake, na nilimwosha mimi, kwa sababu wanawake wenzangu wa boma waliogopa maiti na mimi sikuwa na cha kuogopa tena. Watu walingoja nilewe kwenye matanga yake. Wengine walingoja kwa hamu. Sikulewa.

Ayuma alisoma. Alikuwa na akili, akaenda chuo, akapata kazi ya karani katika ofisi moja mjini Kakamega. Akija nyumbani alileta sukari, akaiweka mezani kwa baba yake, akanisalimu kwa adabu kama unavyomsalimu mtu wa jirani. Sikumlaumu. Alichokiona kaburini alikiona kwa macho ya mtoto, na hakuna kliniki iliyokuja na Landrova kwa ajili yake. Hilo nalo naliandika hapa makusudi. Mkimpeleka mgonjwa wenu hospitali, mtazameni pia mtoto aliyekuwa akimsukumia sahani.

Alipopata mchumba, Zakayo alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alizunguka maneno mpaka chai ikapoa.

"Wakwe wameambiwa mama yake alikufa," akasema mwishowe. "Wanajua ni yule wa Navakholo aliyemlea."

"Nani aliwaambia?"

Akatazama moto. "Ayuma mwenyewe."

Nikamuuliza kama wapishi wametosha. Akasema bado.

Basi harusi ya binti yangu niliihudhuria nikiwa mpishi. Tulikuwa wanawake wengi nyuma ya nyumba, moshi machoni, masufuria makubwa juu ya mawe. Mimi nilipewa wali. Wenzangu walijua, na hakuna aliyesema, na hiyo ilikuwa heshima. Mbele ya nyumba waliimba, wakasali, wakapiga vigelegele. Mke wa Zakayo alikaa kiti cha mama. Alikuwa amevaa gauni la bluu na alionekana hana raha, aliinama kama mtu aliyeketi kwenye miiba. Wanaume walikuwa na pombe yao nyuma ya ghala. Harufu ilinifikia kila upepo ulipogeuka. Nilikoroga wali usishike chini.

Mama mmoja upande wa wakwe, mzee mwenye uso mzuri, alikuja kuomba maji. Akakaa kidogo nasi kupumzisha miguu.

"Mna binti mzuri," akasema. "Ana adabu. Pole, nilisikia mama yake mzazi alifariki binti angali mdogo."

Wenzangu wakaacha kukata nyama.

"Asante, mama," nikamjibu. "Ilikuwa zamani." Nikampakulia wali wa juu, ule laini, nikamwekea nyama na mchuzi. Akala akausifu.

Ilipokaribia saa ya kuondoka, Ayuma alikuja nyuma na shela lake, amelishika juu lisiguse majivu. Kwao wakwe ni desturi bibi harusi awashukuru wapishi. Alipita mmoja mmoja, anainama kidogo, anatoa mkono, anasema, "Asante, mama." Alimwambia hivyo Mama Nafula, ambaye alikuwa amezeeka na ndiye aliyekuwa akichochea moto. Alimwambia hivyo msichana mdogo aliyeosha sahani, wakacheka wote. Alifika kwangu. Niliufuta mkono wangu kwenye kanga nikampa.

"Asante, mama," akasema.

Akaenda kwa aliyefuata.